Picha 600 za utumbo wa kuku: programu ipi, na uanzie wapi

Swali: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Nimelisha kuku wa nyama 48 kwa siku 35, makundi manne ya chakula, nikipunguza dagaa na kuweka unga wa funza wa nzi askari weusi. Kila kundi lilikuwa na vizimba vitatu, kuku wanne kila kizimba. Nilipochinja nilichukua kipande cha utumbo mwembamba, sehemu ya kati, maabara ikanitengenezea slaidi za rangi ya kawaida ya H na E (hematoksilini na eosini). Sasa nina picha kama 600. Nyingi zimepigwa kwa kamera ya hadubini, lenzi ya 4 na ya 10, lakini nyingine nilipiga kwa simu siku ambayo kamera iligoma. Msimamizi wangu anataka urefu wa vili na kina cha kripti "kwa programu", hakusema ipi. Mwenzangu anasema siku hizi akili mnemba inapima yenyewe. Laptop yangu ina RAM ya GB 4 tu. Nitumie programu gani?

Jibu: Marahaba. Kwa ufupi, pakua Fiji. Haina malipo, na laptop yako itaimudu. Lakini programu ndiyo sehemu ndogo kuliko zote katika shida uliyonayo. Nimeona kazi nzuri za kulisha kuku ambazo bandani hazikuwa na doa, zikaja kuharibikia mezani, kwenye vipimo. Kwa hiyo nivumilie niseme kwa kirefu.

Kwanza, kwa asiyewahi kuchungulia utumbo kwenye hadubini: ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba si laini kama unavyodhani ukiuosha kwa ajili ya supu. Ni kama taulo. Umejaa vidole vidogo vilivyosimama vimebanana, hivyo ndivyo vili, na chini kabisa, katikati ya mashina ya vidole, kuna vishimo, ndizo kripti. Seli mpya huzaliwa kwenye vishimo, zikapanda kidole polepole hadi nchani, na huko hupukutika. Kwa kuku wa nyama wa wiki tano, kidole cha sehemu ya kati ya utumbo kwa kawaida huwa na mikromita elfu moja na ushee, yaani milimita moja na kidogo. Kishimo huwa mikromita mia na kitu, au mia mbili na kitu. Kidole kirefu ni eneo kubwa la kufyonza chakula. Kishimo kikizama kuliko kawaida, mara nyingi utumbo unazalisha seli kwa kasi kufidia zinazokufa kabla ya wakati. Ndiyo maana tunagawanya urefu wa kidole kwa kina cha kishimo tukapata uwiano, na uwiano huo mara nyingi husema mengi kuliko urefu peke yake. Katika haya yote nitaviita vidole na vishimo, ni rahisi zaidi.

Sasa Fiji. Si kile kisiwa. Mama yake ni ImageJ, programu iliyoandikwa na Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997, ikirithi kazi yake ya awali ya kompyuta za Macintosh, NIH Image, iliyoanza mwaka 1987. Rasband aliiacha wazi, kila mtu aitumie na kuibadilisha bila kuomba ruhusa. Fiji ni ImageJ hiyohiyo ikiwa imefungashwa pamoja na vikorokoro vyote ambavyo wanabiolojia huvihitaji, na jina lenyewe ni utani: ni kifupi cha sentensi ya Kiingereza isemayo "Fiji ni ImageJ tu". Haihitaji kusakinishwa. Unapakua faili lililobanwa, unalifungua, unabofya, inawaka. Faili ni la mamia ya MB, basi lipakue chuoni usimalize bando. Likishaingia hutahitaji intaneti tena. Kama unatumia Windows, liweke kwenye folda yako mwenyewe, kwa mfano kwenye Documents, si kwenye "Program Files", kwa sababu huko Windows huizuia programu isijisasishe.

Programu iliyokuja na kamera ya hadubini nayo inapima. Wala si mbaya. Tatizo lake ni kwamba mara nyingi imefungwa kwenye kompyuta moja ya maabara, unapanga foleni, na mistari uliyochora hubaki imechapwa juu ya picha kiasi kwamba mtu mwingine hawezi kuirudia kazi yako. Itumie kupigia picha tu.

Tuje kwenye kipimo, mahali wengi wanapoangukia. Picha ya kamera haijui mikromita, inajua pikseli, vile vinukta vinavyoiunda. Wewe ndiye wa kuiambia pikseli moja ni mikromita ngapi, na hilo hulijui kwa kusoma "4x" ubavuni mwa lenzi, kwa sababu katikati yake na kamera kuna adapta, na kamera yenyewe ina ukubwa wake wa kihisio. Njia ni moja tu. Nenda maabara, omba slaidi ya kipimo. Ni kioo cha kawaida kilichochongwa rula ndogo katikati, mara nyingi milimita 1 iliyogawanywa mara 100, hivyo kila mstari ni mikromita 10. Iweke kwenye hadubini ileile, kamera ileile, ukubwa uleule wa picha uliotumia, upige picha kwa lenzi ya 4, kisha kwa lenzi ya 10. Kwenye lenzi ya 10 rula inaweza isienee yote, usihangaike, pima nusu yake.

Fungua picha hiyo kwenye Fiji. Chukua mstari ulionyooka, chora kutoka mwanzo wa rula hadi mwisho, nenda kwenye menyu ya "Analyze", kisha "Set Scale". Itakuonyesha mstari wako una pikseli ngapi. Tuseme 620. Andika umbali halisi 1000, kipimo um (yaani mikromita), halafu weka tiki kwenye "Global" ili kila picha utakayofungua baadaye itumie kipimo hicho. Kuanzia hapo, kidole chenye pikseli 744 kitasomeka mikromita 1200. Andika namba hiyo ya pikseli kwenye daftari, kwa sababu ukifunga programu kesho itakuwa imesahau na utaiandika upya.

Hiyo tiki ya "Global" ina mtego wake. Haichagui. Ukiwa umeweka kipimo cha lenzi ya 4 kisha ukafungua picha ya lenzi ya 10, itaipima kwa kipimo cha 4 bila hata kukohoa. Mimi yamenikuta. Miaka ya nyuma, nikiwa kijana katika maabara moja ambayo sitaitaja, kompyuta ya kamera ilibaki imechaguliwa lenzi ya 10 wakati mimi napiga kwa lenzi ya 4. Nikapata vidole vya mikromita 480 kwa kuku wazima kabisa, wenye uzito mzuri, wasiohara. Badala ya kushtuka, nikaketi nikaandika ukurasa mzima kueleza kwa nini lishe ile imefupisha vidole. Mzee mmoja wa maabara, fundi wa kukata slaidi, ndiye aliyenitazama akauliza, "Hawa kuku walikuwa wanatembea?" Nikazidisha kwa mbili na nusu, ikatoka 1200. Tangu siku ile sipimi kitu bila kwanza kujiuliza namba niliyotarajia ni ipi. Tenganisha folda zako leo: lenzi ya 4 kivyake, lenzi ya 10 kivyake, za simu kivyake.

Na kuna WhatsApp. Najua mmetumiana picha huko, kila mwanafunzi hufanya. Ukituma picha kama picha, WhatsApp huipunguza. Tuseme kamera yako inatoa picha yenye upana wa pikseli 2592, ikafika kwa mwenzako ikiwa na 1600. Kwa macho ni ileile. Lakini sasa kila pikseli imebeba eneo kubwa zaidi, na ukitumia kipimo cha awali, kidole chako cha 1200 kitasomeka 741. Kila picha unayoifungua kwenye Fiji huonyesha ukubwa wake juu kabisa ya dirisha. Pitia folda yako, na yoyote isiyolingana na zenzake irudie kutoka kwenye kompyuta ya maabara.

Hizo za simu sitakudanganya: huwezi kuzipa mikromita. Simu ulikuwa umeishika kwa mkono, ukaisogeza mbele na nyuma, pengine ukaikuza picha kwa vidole vya mkono, kila moja ina kipimo chake. Lakini usizifute. Uwiano wa kidole kwa kishimo hauna kipimo, ni namba kavu. Ukipima kidole na kishimo chake ndani ya picha hiyohiyo, kwa pikseli tu, karibu na katikati mahali ambapo lenzi haijapinda, uwiano unatoka halali. Kama slaidi bado zipo, na nina hakika zipo, ni vyema zaidi kurudi ukapiga upya. Slaidi ya H na E iliyofunikwa vizuri na kuwekwa mbali na jua hukaa miaka.

Sasa jambo ambalo hakuna programu itakayokusaidia. Chukua mkate wa boflo, chomeka njiti za kiberiti zisimame wima, kisha ukate kwa kisu. Ukikata wima kabisa utaona njiti nzima kutoka mzizi hadi kichwa. Ukikata mshazari utaona vipande: vichwa vimekaa peke yake hewani, mashina yako chini, na njiti yenye sentimita nne utaipima mbili. Utumbo ni hivyohivyo. Kipande kikilala vibaya kwenye parafini, ile nta inayokishikilia, kisu cha mikrotomu, mashine ya kukatia, kitapita mshazari, na kidole kirefu kitaonekana kifupi. Tena si kila slaidi itakosea kwa kiasi kimoja, na hapo ndipo uchungu ulipo. Kama slaidi za kundi moja zilitengenezwa siku ambayo fundi alichoka, kundi lote litaonekana na vidole vifupi, nawe utalaumu funza.

Utajuaje? Usitazame vidole kwanza, tazama vishimo. Kishimo kilichokatwa sawasawa ni mrija mrefu, una mdomo unaofunguka katikati ya vidole viwili na kitako kinachokaribia misuli. Kikikatwa mshazari huonekana mviringo, kama andazi lenye tundu. Ukiona maandazi mengi yamepangana chini ya vidole, sehemu hiyo usiipime hata kama vidole vyake vinapendeza. Kisha tazama kidole: kiwe kimeshikamana na mzizi wake, kisiwe kisiwa. Ncha iwe nzima, imefunikwa na safu moja ya seli. Ukiona safu mbili tatu za viini vya seli zimerundikana pembeni, kisu kimepita mshazari. Na ncha ikiwa imemomonyoka, seli zimeachana na kidole kama ngozi ya kuungua, huenda si ugonjwa wala lishe. Utumbo huanza kujimeng'enya dakika chache baada ya kuku kufa, na sampuli iliyochelewa kuingia formalini, dawa ya kuihifadhi, huwa hivyo. Hapo jiulize uchinjaji ulianza na kundi lipi na ukaishia na lipi.

Wanaopima utumbo wa binadamu wana shida hiyohiyo, na kipande chao ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kundi la Tampere, Finland, lililochapisha mwaka 2013 kuhusu vipimo vya utumbo katika ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni ya ngano huharibu utumbo, lilishikilia jambo hili: kama vishimo havijakatwa kwa urefu wake, rudi kwenye bloku, lile donge la parafini lenye kipande cha utumbo, ukate upya. Nawe una bloku. Kwa kuku ambao hutapata vidole vya kutosha, mwombe fundi aigeuze bloku akate tena. Ni kazi ya mchana mmoja, na soda mbili za kumshukuru.

Vidole vingapi? Waliotutangulia wengi hupima kumi na vishimo kumi kwa kila kuku, na sina sababu ya kukupa namba nyingine. Ila kanuni ya kuchagua iandike kabla hujapima hata kimoja. Wapo wanaochagua vidole virefu kuliko vyote, wapo wanaopima kila kilichokatwa sawasawa kwa kuanzia kushoto kwenda kulia hadi wafike kumi. Mimi nakushauri hii ya pili, maana jicho la binadamu lina upendeleo na halijijui. Na kwa sababu hiyohiyo usijue unampima kuku wa kundi gani. Mwombe mwenzako, huyo wa akili mnemba, abadili majina yote ya picha yawe namba tupu, orodha aifiche kwake mpaka umalize. Ukijua picha hii ni ya kundi la funza asilimia mia, mkono wako utasogea mikromita ishirini bila wewe kuutuma.

Kupima kwenyewe ni rahisi. Kwenye "Set Measurements" weka tiki kwenye "Display label" ili kila namba ibebe jina la picha yake. Kidole kilichopinda, na vingi vimepinda, usikipime kwa mstari ulionyooka: chagua "Segmented Line", anza nchani, fuata katikati ya kidole hadi pale mdomo wa kishimo unapoanzia, bofya mara mbili umalize. Bonyeza herufi M, urefu unaandikwa kwenye jedwali. Bonyeza T, mstari wenyewe unahifadhiwa pembeni. Kishimo nacho, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Mpaka kati ya kidole na kishimo una utata, hata wazoefu hubishana, kwa hiyo chagua picha moja nzuri, chora mpaka unaouamini, ichape uibandike ukutani mbele yako, na usibadilishe mawazo katikati ya kazi. Ukimaliza kila kuku, hifadhi jedwali kama CSV, faili ambalo Excel hulifungua, na hifadhi ile mistari kama faili la zip. Siku mtahini akisema kidole namba saba kimekaa vibaya, unafungua, unamwonyesha.

Hapa sasa nizungumze na mwenzako. Kuku 48, vidole kumi na vishimo kumi kila mmoja, ni mistari 960. Mtu aliyezoea hutumia kama nusu dakika kwa mstari. Hiyo ni saa nane. Jumla. Weka na kutafuta miwani, umeme kukatika na chai, ni siku tatu. Ili ufundishe akili mnemba kutambua vidole vya kuku, kwa slaidi za maabara yenu, zenye rangi yenu ya zambarau iliyofifia kidogo, itabidi kwanza uichoree wewe mwenyewe kwa mkono vidole vya kutosha, kisha uikague, kisha uisahihishe, kwenye kompyuta yenye nguvu mara kadhaa kuliko hiyo yako. Utakuwa umeshamaliza kupima kabla haijajua tofauti ya kidole na kinyesi kilichobaki kwenye utumbo. Si kwamba naidharau. Cellpose na StarDist, ambazo nazo ni bure, zinatambua mipaka ya seli na viini vyake kwa namna ambayo miaka kumi na tano iliyopita ningeiita uchawi. Lakini kuhesabu viini ni swali moja, na kujua kidole hiki kimekatwa wima au mshazari ni swali lingine. Ungekuwa na kuku elfu tano ningekwambia vinginevyo.

Utasikia pia habari za QuPath. Ni programu nzuri mno, ilizaliwa Belfast katika Chuo Kikuu cha Queen's mikononi mwa Peter Bankhead, makala yake ikatoka mwaka 2017, nayo pia ni bure na wazi. Kazi yake hasa ni slaidi zilizopigwa skana nzima. Nikupe picha ya ukubwa wake: kipande cha milimita 15 kwa 15, kikiskaniwa kwa robo mikromita kila pikseli, kinatoa pikseli 60,000 kwa 60,000, bilioni 3.6, ambazo bila kubanwa ni kama GB 11. Laptop yako yenye GB 4 haiwezi kuimeza. QuPath haijaribu kuimeza, maana faili za skana hupangwa kwa tabaka kama ramani ya simu, nayo hufungua kijisehemu unachokitazama tu. Zaidi ya hapo, faili la skana hubeba kipimo chake ndani, hivyo ule mkasa wangu wa 480 haukukuti. Kama chuo chenu au hospitali ya jirani ina skana na wako tayari kukuskania, hamia huko na upimie humo, kwa kanuni zilezile. Kwa GB 4 itakuwa inasuasua, lakini itafika. Kama hakuna skana, QuPath haikuongezei kitu kwenye picha za kamera.

CellProfiler ya Taasisi ya Broad ni ya anayetaka kupitisha maelfu ya picha zinazofanana kwenye mtambo mmoja. Iache kwa sasa.

Hujauliza kuhusu seli za ute, ila msimamizi ataziulizia, wote huziulizia. Kwa H na E utaziona kama vitundu vyeupe kwenye ukuta wa kidole, na kuzihesabu hapo ni kubahatisha. Kata slaidi nyingine zipakwe rangi ya bluu ya Alcian, ute utang'aa bluu. Ndani ya Fiji kuna "Colour Deconvolution", hesabu ya kutenganisha rangi zilizochanganyika kwenye slaidi, inayotokana na kazi ya Ruifrok na Johnston ya mwaka 2001. Inakupa picha ya bluu peke yake, unaiwekea kizingiti, unahesabu. Matokeo yaandike kwa urefu wa ukuta wa kidole, mathalani seli ngapi kwa kila mikromita 100, si kwa picha, maana picha moja ina vidole vitatu na nyingine saba. Hapa picha za JPEG zilizobanwa sana hukuharibia rangi, basi piga TIFF, muundo wa picha usioharibu rangi.

Nimebakiza lile ambalo hutalipenda. Ukimaliza utakuwa na vidole 480 kwenye jedwali, na kishawishi cha kuvimwaga vyote kwenye jaribio la takwimu kana kwamba ni sampuli 480. Thamani ya p, ile namba inayopima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu, itatoka ndogo hadi utafurahi. Usifanye. Vidole kumi vya kuku mmoja ni ndugu wa tumbo moja, kihalisi kabisa, havijitegemei. Na kuku wanne wa kizimba kimoja walikula sufuria moja. Chakula ulikipa kizimba, hukumpa kuku. Kwa hiyo sampuli zako zinazojitegemea ni vizimba 12, vitatu kwa kila kundi. Chukua wastani wa vidole kwa kila kuku, kisha wastani wa kuku kwa kila kizimba, upime tofauti kwa hizo namba 12. Au kama kuna mtu wa takwimu idarani, tumia programu ya takwimu ya R na kifurushi chake cha lme4, uweke kizimba, na kuku ndani ya kizimba, kama vyanzo vya tofauti visivyo vya chakula. Njia zote mbili zitakupa jibu la unyenyekevu zaidi. Vizimba vitatu kwa kundi ni vichache, na tofauti ndogo hutaiona. Liandike hivyo wewe mwenyewe kwenye tasnifu kabla mtahini hajaliandika kwa wino mwekundu.

Wala usichukue mikromita zako ukazilinganisha na za makala kutoka Brazil au China ukasema kuku wako wana vidole vifupi. Tishu husinyaa ikipita kwenye formalini, alkoholi na parafini, na kila maabara husinyaza kwa namna yake. Kundi lako la dagaa ndilo mizani yako.

Kabla hujaanza 960, fanya jaribio dogo. Chagua kuku watano, wapime wote leo. Baada ya wiki moja wapime tena bila kutazama namba za mwanzo. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili, kidole kwa kidole, utazame tofauti zimetawanyika kiasi gani. Usitazame tu kama namba za mara mbili zinapanda na kushuka pamoja, kwa sababu wanatakwimu Bland na Altman walishaonyesha tangu mwaka 1986 kwamba vipimo viwili vinaweza kufuatana vizuri na bado visikubaliane. Kama mkono wako unapishana na wenyewe kwa mikromita 150, tofauti ya mikromita 80 kati ya makundi haina maana yoyote, na ni afadhali ulijue sasa.

Nitumie ya kuku mmoja nitazame: picha zake, jedwali na lile faili la zip la mistari, pamoja na picha ya slaidi ya kipimo. Tuma kwa barua pepe. Ukitumia WhatsApp, tuma kama dokumenti.